Pua Iliyosahaulika: Harufu na Sonona katika Uhakiki wa Fasihi

Mwalimu wa fasihi anapofikia mada ya taswira, aghalabu huanza na jicho. Taswira oni hupewa vipindi viwili na mifano tele. Taswira sikivu hupewa kipindi kimoja. Mguso na mwonjo hupitiwa mbio mbio, na taswira mnuso huachiwa sentensi ya mwisho kabla ya kengele: "Hii ni ile inayohusu pua." Wanafunzi huandika hivyo madaftarini, na mambo ya pua yakaishia hapo. Katika Karatasi ya Tatu, mtahiniwa akikutana na harufu katika dondoo, atajibu kwamba mwandishi anaonyesha uchafu wa mazingira au umaskini wa wahusika. Pengine atakuwa sahihi. Mara nyingi atakuwa ameipita maana iliyo kuu.

Makala haya yanadai kwamba harufu ina kazi moja ambayo jicho na sikio haviifanyi vyema kama pua, nayo ni kutuonyesha nafsi iliyougua, hasa nafsi iliyopatwa na sonona. Dai hili halitokani na fasihi pekee. Wataalamu wa ubongo na wa maradhi ya akili wamelichunguza kwa miongo kadhaa, na baadhi ya waliyoyapata yatatufaa sisi tunaosoma vitabu. Hata hivyo, mhakiki si tabibu, na nitaeleza baadaye ni wapi inatupasa kusimama.

Tuanze na lugha yenyewe, maana Kiswahili kina mambo ya ajabu katika suala hili. Mswahili hasemi tu kwamba amenusa harufu, husema ameisikia. "Nasikia harufu ya mkate." Pua imeazima kazi ya sikio. Kunusa ni tendo la kukusudia: unaliinamia ua ukalinusa. Kusikia harufu ni jambo linalokujia bila idhini yako, kama vile sauti inavyokuingia masikioni hata ukiwa umefumba macho. Mtu anaweza kuyafumba macho asione damu. Pua hata ukiiziba, utalazimika kuvuta pumzi. Mwandishi anayetaka kusawiri mateso yasiyo na mlango wa kutokea ana sababu nzuri ya kuitumia harufu.

Pili, tuna kunuka na kunukia. Umbo la pili lina sura ya kauli ya kutendea, lakini katika matumizi sanifu halina maana ya kutendea. Limejitenga likawa upande wa uzuri, nalo kunuka likabaki upande wa ubaya. Kwa hiyo Kiswahili hakimruhusu msemaji kukaa katikati kwa urahisi: kitu kikitoa harufu, kitenzi chenyewe kinakulazimisha kuhukumu. Ongeza hapo uvundo wa kilichooza, shombo na vumba la samaki, kikwapa cha mwili. Na kwa upande wa pili marashi, uturi, udi, ubani, buhuri. Mwanafunzi anayejua maneno haya anaweza kueleza hali ya nafsi ya mhusika kwa nomino moja tu.

Na upande wa huzuni je? Hapa pia hatujapungukiwa. Kihoro ni ule mshtuko unaomshika mtu aliyefiwa au aliyepotewa na kitu ghafla. Jitimai na simanzi ni huzuni nzito. Ukiwa ni wa mtu aliyeachwa, na pia wa mahali palipohamwa. Jakamoyo ni wasiwasi unaoukoroga moyo. Sonona, neno linalotokana na kitenzi cha maumivu, sasa ndilo linalotumiwa katika taaluma ya afya kwa ugonjwa ule ambao mtu hupoteza hamu na furaha kwa majuma au miezi, usingizi ukavurugika, chakula kikamkinai, akajihisi hana thamani, na pengine akafikiria kufa. Nasisitiza neno ugonjwa. Watahiniwa wengi huyatumia maneno haya kama visawe, na walimu tunawapa alama kwa kila moja. Si visawe. Kihoro huja na kupita. Sonona hukaa.

Sasa kuna uhusiano gani kati ya ugonjwa huo na pua? Juu ya paa la pua, chini ya ubongo wa mbele, pana sehemu mbili ndogo zenye umbo la tunguu ambazo hupokea habari za harufu. Habari za macho na masikio hupitia kwanza katika kituo cha ndani ya ubongo kiitwacho thalamasi kabla ya kugawanywa. Habari za harufu hazina haja ya kupita hapo kwanza. Kutoka katika matunguu hayo huifikia kwa njia ya mkato amigdala, inayohusika na hisia kama vile hofu, na ziko karibu mno na hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu. Ndiyo maana harufu ya sabuni fulani yaweza kumrudisha mtu mzima katika bweni alilolala akiwa na miaka kumi na minne, tena kwa ghafla, kabla hajatambua anakumbuka nini. Linda Buck na Richard Axel walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kazi yao ya kueleza jinsi pua inavyozitambua harufu nyingi hivyo; makala yao ya msingi yalitoka mwaka 1991.

Kuhusu sonona, tafiti nyingi zimeona kwamba wagonjwa, wakichukuliwa kwa jumla, huhisi harufu kwa udhaifu kuliko watu wengine. Baadhi ya tafiti zimepima yale matunguu ya harufu na kuyakuta madogo zaidi. Na jambo hili huenda kinyume vilevile: watu waliopoteza uwezo wa kunusa kwa sababu nyingine, kama ajali ya kichwa au maambukizi, wengi wao hupatwa na dalili za sonona. Tangu miaka ya 1970, wanasayansi wamekuwa wakiondoa matunguu ya harufu katika panya ili kupata mnyama mwenye tabia zinazofanana na za mgonjwa wa sonona, kisha wakajaribu dawa juu yake. Baada ya mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulilifanya jambo hili lijulikane hata sokoni. Watu walikunywa chai isiyo na harufu wala ladha, na wengine wakasimulia jinsi dunia ilivyokuwa kama imewekwa nyuma ya kioo.

Hapa sharti tuwe waangalifu. Haya hayamaanishi kwamba kila asiyenusa ana sonona, wala kwamba kila mwenye sonona amepoteza pua. Mafua, uzee, na maradhi mengine ya ubongo huathiri kunusa pia. Lakini kwa mhakiki inatosha kujua kwamba mwandishi anayeiharibu pua ya mhusika wake ili kuonyesha moyo ulioharibika habuni kitu cha ajabu. Anaeleza jambo lililomo mwilini mwa binadamu.

Mfano wenye nguvu kuliko yote ninaoufahamu umo katika tamthilia ya Shakespeare ambayo S. S. Mushi aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina Makbeth mwaka 1968. Si kitabu teule cha Kiswahili katika shule zetu, lakini shule yenye nakala yake katika maktaba ina hazina. Naomba mwalimu aisome pamoja na wanafunzi akiwa na swali moja tu kichwani: nani ananusa nini, na lini?

Akifanya hivyo ataona kwanza tukio dogo ambalo wengi hulipita. Katika tendo la kwanza, onyesho la sita, Mfalme Dankani anawasili katika ngome ya Makbeth. Anasimama nje na kuisifu hewa ya mahali pale, jinsi ilivyo tamu na nyepesi. Banko anaongeza kwamba hata ndege wamepapenda, wamejenga viota ukutani, jambo linaloonyesha kuwa upepo wa pale una harufu ya kuvutia. Usiku huohuo mfalme anauawa kitandani. Hiki ni kinaya, na watahiniwa wengi watakitambua. Wasichokitambua ni kwamba kinaya hiki kimewekwa katika pua. Shakespeare hakuyasifu mapambo ya ngome wala nyimbo zake. Alitufanya tuivute hewa yake.

Kisha, katika tendo la pili, baada ya mauaji, Bibi Makbeth anamwambia mumewe kwamba maji kidogo tu yatawasafisha. Hapa damu ni kitu cha macho. Inaonekana, kwa hiyo inaoshwa, jambo likaisha. Mwanamke huyu wakati huo ndiye jasiri kati ya wawili hawa, naye mumewe ndiye anayesikia sauti.

Tunafika tendo la tano, onyesho la kwanza. Tabibu na mwanamke mhudumu wamekesha wakimwangalia malkia anayetembea usingizini. Ana taa mkononi, na mhudumu anaeleza kwamba ameamuru iwe karibu naye daima. Anaisugua mikono yake kama anayenawa, na mhudumu anasema amewahi kumwona akifanya hivyo kwa robo saa nzima. Kwanza analiona doa. Analiamuru litoke. Halafu linakuja lile ambalo kwangu ndilo kitovu cha onyesho: bado anaisikia harufu ya damu, na manukato yote ya Uarabuni hayawezi kuufanya mkono wake mdogo unukie. Baada ya hapo anapiga kite. Tabibu anashtushwa na kite hicho na kusema moyo huo umelemewa.

Tuutazame mpangilio. Jicho, pua, kisha sauti isiyo na neno. Doa ni la jicho na jicho lina tumaini: doa laweza kuambiwa litoke. Harufu haiambiwi kitu. Maji yaliyotosha katika tendo la pili sasa hata hayatajwi, ametafuta dawa ya juu zaidi, manukato, nayo imeshindwa kabla ya kujaribiwa. Baada ya harufu hakuna hoja tena, pana kite tu. Kama mwanafunzi angetaka kuonyesha kwamba mtu huyu amefika mwisho wa uwezo wake, hana haja ya ushahidi mwingine. Baadaye katika tendo hilohilo tunasikia vilio vya wanawake na habari kwamba malkia amekufa, na mwishoni inasemwa kwamba yaaminika amejitoa uhai kwa mikono yake mwenyewe.

Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa ambayo msomaji wa London ya mwaka 1606 hakuwa nayo. Kwake yule, manukato ya Uarabuni yalikuwa anasa ya mbali. Kwa mtu wa Lamu, Mombasa au Unguja, ni mambo ya nyumbani. Ubani wa Dhofari na udi vimefika pwani yetu kwa majahazi tangu kale, na chetezo kipo chumbani. Tena anajua jambo lingine: manukato si ya arusi tu. Kafuri, ambayo hutumiwa katika kumtayarisha maiti, kwa Kiswahili huitwa pia karafuu maiti. Ubani hufukizwa penye furaha na penye matanga. Kwa hiyo Bibi Makbeth anapoyataja manukato ya Uarabuni, sikio la Mswahili husikia arusi na mazishi kwa pamoja. Sijui kama kuna darasa la Kiingereza linaloweza kulipata hilo kwa wepesi huo, na ni jambo la kujivunia kidogo.

Je, Bibi Makbeth ana sonona, au ana hatia tu? Swali hili huzua mjadala mzuri darasani. Wapo watakaosema: ni mwuaji, dhamiri inamsuta, basi. Hoja yao ina uzito. Kujilaumu kwa mgonjwa wa sonona mara nyingi huvuka kipimo cha kosa lake, au hakuna kosa kabisa, ilhali huyu kosa lake ni la kweli na ni kubwa. Isitoshe, kusikia harufu isiyokuwepo hutokea pia katika maradhi mengine. Upande wa pili watataja usingizi uliovurugika, kuogopa giza, kujitenga, kukata tamaa na kifo chenyewe. Msimamo wangu ni kwamba hatia ndiyo chanzo, na ugonjwa ndio uliozaliwa. Chanzo kikiwa dhambi hakimfanyi mgonjwa kuwa mzima. Lakini ona jinsi Shakespeare alivyo mwangalifu kuliko sisi: yule Tabibu hatoi jina la ugonjwa. Anasema unashinda elimu yake, na kwamba malkia anamhitaji kasisi kuliko daktari. Baadaye Makbeth anapomwuliza kama hawezi kuitibu akili iliyougua na kuing'oa huzuni iliyoota mizizi katika kumbukumbu, anajibiwa kwamba hapo mgonjwa hana budi kujitibu mwenyewe. Makbeth anakasirika na kusema dawa watupiwe mbwa. Leo tuna dawa na tuna washauri nasaha, na jibu la yule Tabibu halifai tena hospitalini. Kwa mhakiki, hata hivyo, unyenyekevu wake unafaa.

Tukirudi kwenye fasihi yetu wenyewe, harufu na huzuni vimefungamana zamani, ila mara nyingi kwa njia ya kutokuwepo. Chukua Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Mama mgonjwa, ambaye anaeleza mwanzoni kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, anamwusia bintiye. Miongoni mwa mausio hayo ni kujisinga, kutunga yasmini na kuzitia kitandani. Wahakiki wengi, na mimi nakubaliana nao kwa kiasi, wameziona beti hizo kuwa ushahidi wa mwanamke aliyefunzwa kumpendeza mume. Lakini si hayo tu. Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyefariki mwaka 1856. Katika sheria ya Kiislamu, mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na katika muda huo hajitii manukato wala mapambo. Mwanamke huyu, basi, aliwahi kuishi katika nyumba ambayo harufu nzuri iliondolewa kwa ajili ya huzuni. Yasmini anayomwagiza bintiye aitunge yanukia namna nyingine tukilikumbuka hilo. Ni usia wa mtu anayejua nyumba isiyonukia ni nyumba ya nani.

Desturi hiyo ya eda inatupa pia kipimo kizuri cha kutenganisha huzuni na sonona, na nimekiona kikieleweka upesi hata na wanafunzi wa kidato cha pili. Huzuni ya eda ina kalenda. Manukato yanaondolewa, na siku inajulikana ambapo yanaruhusiwa kurudi. Jamii nzima inahesabu pamoja na mfiwa. Sonona haina kalenda. Siku ya kurudi kwa harufu haijulikani, na anayeugua huona kwamba haipo. Mhusika ambaye matanga yamekwisha, watu wametawanyika, naye bado chakula hakimnukii, huyo hatuwezi kumweleza kwa neno majonzi pekee.

Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19, ni mfano mwingine, ila wa aina tofauti. Mshairi anausemesha moyo wake kuhusu kuanguka kwa matajiri wa Pate. Anapoieleza fahari yao, anatupa vitanda vyenye mito, misutu, maji ya marashi yaliyonyunyizwa na uturi uliopakwa. Anapofika kwenye magofu, jicho na sikio ndiyo yanayofanya kazi: ndege katika madaka yaliyokuwa ya sahani, bundi, mende na nyenje wanaolia kumbini. Marashi hayajibiwi. Mshairi hakuhitaji kusema harufu imekwenda wapi. Toni ni ya jitimai, lakini si sonona: nafsineni ina nguvu ya kujadili na kujikaripia, nayo inajua inataka moyo ufanye nini. Mgonjwa wa sonona hana nguvu hizo. Naweka mfano huu kwa ajili ya watahiniwa ambao, wakishalijua neno jipya, hulibandika kila mahali.

Kutoka hapo nataka kugusa jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Tunafundisha sifa za wahusika kwa orodha. Mhusika mwenye huzuni ya muda mrefu, asiyefanya kazi, asiyekula, anayejifungia, huishia kuandikwa: mvivu, mwoga, mkata tamaa, asiye na msimamo. Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1974, anajiua, na nimesoma majibu mengi yanayomfupisha kwa neno "mwoga". Ni kweli riwaya ile ina falsafa yake na haifai kugeuzwa ripoti ya zahanati. Hata hivyo, tunapompa mwanafunzi alama mbili kwa kumwita mgonjwa mwoga, tunamfundisha zaidi ya fasihi. Katika darasa la wanafunzi hamsini, huenda wapo wanaoamka alfajiri bila hamu ya chochote, na ambao githeri ya bwenini imepoteza harufu na ladha si kwa kuwa mpishi ni mbaya. Mwalimu wa zamu huona sahani iliyoachwa na kusema mtoto anadeka. Mtoto huyohuyo akiingia darasani anakuta sifa za mhusika anayefanana naye zimeandikwa ubaoni. Huwa hainui mkono.

Hata sheria yetu imebadilika kuliko miongozo yetu. Mwezi Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka katiba. Mahakama imemwona mtu huyo kuwa anahitaji msaada. Sisi bado tunamwandika mwoga.

Mtu ataniuliza: je, riwaya tulizozoea shuleni zina nafasi ya usomaji huu? Zinayo. Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyokuwa teule hadi mwaka 2022, inafunguka Ridhaa akiwa mbele ya mabaki ya jumba lake lililoteketezwa pamoja na aila yake. Ridhaa ni daktari, naye ameponea kwa kuwa hakuwamo. Mwalimu aliye na nakala awape wanafunzi kurasa za mwanzo na kuwaagiza wapigie mstari kila neno la moto, moshi na majivu, kisha waeleze kila neno linafika kwa msomaji kupitia mlango gani wa fahamu. Moshi ni kitu cha kipekee: huonekana, huwasha macho, na huingia puani. Mwenye kuvuta pumzi penye nyumba iliyoteketea na watu wake anavuta nini? Swali hili ni zito, na mwalimu alitumie kwa busara, hasa katika maeneo yaliyoathiriwa na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Wapo wazazi, na walimu wenzetu, ambao hadi leo moshi wa taka zinazochomwa jioni huwarudisha mahali ambapo hawakutaka kurudi. Wanafunzi wa leo hawakuwa wamezaliwa wakati huo, au walikuwa wachanga. Nyumbani kwao huenda hawajaelezwa.

Vivyo hivyo katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, inayosomwa sasa, ugonjwa wa Sara huzungumzwa sana darasani kwa upande wa mwili na gharama za matibabu. Sisemi kwamba Sara ana sonona. Nasema swali la jinsi miaka ya lawama na mapigo inavyoingia mwilini halijaulizwa vya kutosha, na katika tamthilia mwigizaji ana nafasi ya kulionyesha. Anapoletewa chakula, je, anakiinamia au anageuza uso? Maelekezo ya jukwaa yasipolisema hilo, mwelekezi wa tamasha la drama anaweza kuliamua, na hadhira italielewa bila neno.

Kwa upande wa utahini wa ndani ya shule, ningependekeza tuyapange majibu kuhusu harufu katika ngazi. Tuseme tumetoa dondoo la Bibi Makbeth na mikono yake na kuuliza umuhimu wa harufu iliyotajwa, alama sita. Mtahiniwa anayeandika kwamba mkono unanuka kwa sababu ana damu hajajibu, maana mikono ilinawa zamani. Nimewahi kusahihisha jibu lililosema malkia huyu ni mchafu. Anayesema harufu ni ishara ya hatia apewe alama mbili. Anayeongeza kwamba harufu haiko nje bali katika nafsi ya mhusika, kwa kuwa Tabibu na mhudumu hawaisikii, apate nne. Na anayeirejelea hewa tamu ya tendo la kwanza, au maji kidogo ya tendo la pili, akaonyesha mwendo wa mhusika kutoka ujasiri hadi kite, apewe zote sita hata kama hakulitaja neno sonona. Anayelitaja bila ushahidi wowote kutoka katika matini asipewe kitu kwa ajili ya neno hilo.